Mbona mliiuliza dadu na mimi nipo?

Nimepotea hapa karibu mwezi mzima. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni mfumo wa kupokea wageni wa hoteli moja kule Diani, ambao umeninyima usingizi (ukikamilika nitauandikia makala yake). Ya pili ni kosa nililolifanya mwenyewe. Tena si kosa la kompyuta, ni la karatasi na penseli, na nimelizungusha kichwani wiki tatu kabla ya kuthubutu kuliandika. Leo ni hilo la pili. Asiyependa michezo avumilie kidogo, huko mbele tutafika kwenye hifadhidata.

Mnaosoma hapa siku nyingi mnajua kwamba kila Jumamosi baada ya alasiri tunakutana watu sita nyuma ya duka la ami yangu hapa Kombani, si mbali na njia panda ya kwenda Kwale mjini, tunacheza mchezo wa kuigiza wa mezani. Kwa wageni nieleze hivi: ni kalongolongo ya watu wazima. Utotoni sote tulicheza. Wewe baba, wewe mama, yule mtoto anaumwa, yule daktari. Wali ni mchanga, sahani ni kifuu cha nazi. Mchezo wetu ni huo huo, ila tumeongeza karatasi, penseli na dadu. Kila mmoja ana mhusika wake, na karatasi ya mhusika inaonyesha ana nguvu kiasi gani, ana akili kiasi gani, ana nini mfukoni. Mmoja wetu (mara nyingi mimi) ni msimulizi. Mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na pale ambapo jambo linaweza kwenda upande wowote, tunarusha dadu. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, Marekani, 1974. Mingine yote ni wajukuu.

Mkumbuke jambo moja kuhusu kalongolongo, maana nitalirudia. Wavulana wakiwa wachache, msichana mmoja alikuwa baba. Alijifunga shuka kama kikoi, akakohoa kidogo, akauliza chakula kiko wapi. Hakuna aliyesimamisha mchezo kumwambia huwezi. Wala mama yake, aliyekuwa akipeta mchele pale pale ukumbini, hakuinua kichwa.

Sasa, mwaka jana niliamua kuandika kanuni zetu wenyewe kwa Kiswahili. Vitabu vya Kiingereza vinachosha, na halafu dragoni na makasri ya mawe tumeyachoka. Hadithi yetu iko hapa hapa pwani, zama za majahazi, kati ya Vanga na Lamu, na Gazi ikiwa katikati wakati wa Mbaruk bin Rashid. Nikaweka sifa sita: Nguvu, Wepesi, Afya, Akili, Busara, Mvuto. Nikapiga chapa karatasi nzuri, juu kabisa jina la mhusika, umri, kazi, na "Jinsia: Me / Ke, zungushia moja." Sikufikiri hata sekunde moja kuhusu mstari huo. Ni mstari ambao nimeuandika kwenye kila fomu tangu mwaka wa kwanza chuoni. Mkono unauandika wenyewe.

Mezani kwetu kuna dada mmoja, mwanafunzi wa chuo, mtoto wa jirani. Alichagua kuwa nahodha. Kuna pia kijana wa bodaboda ambaye alichagua kuwa mwimbaji wa kike wa Vanga, mama mwenye maneno makali na leso za bei. Siku ya kwanza tulimcheka sana huyu kijana. Wiki ya tatu hakuna aliyecheka, kwa sababu yule mwimbaji alikuwa ndiye mhusika aliye hai kuliko wote mezani. Akifungua kinywa, unamwona.

Siku hiyo ya kosa, mwimbaji alitaka kupanda jahazi la nahodha bila kulipa. Kanuni yangu ilikuwa hivi: rusha dadu ya pande 20, jumlisha Mvuto, ukifika 20 au zaidi "uliyemlenga amevutika nawe na atatenda kama aliyevutika." Dadu ikatua 19. Meza ikalipuka. Dada akasema taratibu, "Nahodha wangu hataki." Mimi, msimulizi mwenye kanuni zake mkononi, nikajibu, "Dadu imeshasema."

Wakacheka zaidi. Mnaona ilivyokuwa: mvulana anayeigiza mwanamke amemtongoza msichana anayeigiza mwanamume, na msichana hana ruhusa ya kukataa. Mmoja wetu akaanza utani, na utani ukamfuata dada hadi stejini Jumatatu asubuhi. Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Nikamwandikia ujumbe kumwuliza kama ana mitihani. Jibu lake ninalo hadi leo kwenye simu: "Sina mitihani. Mbona mliiuliza dadu na mimi nipo, nimekaa hapo hapo?"

Nikarudi kwenye karatasi yake kutafuta nilipokosea. Hapo ndipo moyo ulipopiga paa. Kwenye mstari wa jinsia alikuwa amezungushia Me na Ke, zote mbili. Mimi wakati wa kukusanya karatasi nilidhani ni makosa ya kalamu, nikafuta Ke kwa kifutio. Nyuma ya karatasi, kwa maandishi madogo ambayo sikuyasoma, alikuwa ameandika kwamba nahodha huyu ni binti aliyechukua jahazi la babake baada ya babake kufa baharini, anavaa kanzu na kilemba, mabaharia wanamjua kama mwanamume, na kwamba siri hiyo ndiyo hadithi anayotaka kucheza. Hadithi nzima, wadau. Niliifuta kwa kifutio cha shilingi kumi.

Nimekumbuka kisa kimoja ambacho wanasheria wetu wanakijua vizuri. Mwaka 2009 alizaliwa mtoto Nairobi, na kwenye karatasi za hospitali, mahali pa jinsia, waliandika alama ya kiulizo. Kesi yake, inayoitwa ya Mtoto A, iliamuliwa na Mahakama Kuu Desemba 2014, na sensa ya 2019 ikawa na nafasi ya tatu: wakahesabiwa watu 1,524 wenye jinsia mbili. Na wala si jambo jipya. Aliyesoma mirathi madrasa anajua kwamba mafakihi wana mlango mzima kuhusu huntha, apewe fungu gani. Watu wa fomu ndio wamechelewa. Nahodha wetu si huntha, ni binti aliyevaa kilemba, lakini ugonjwa wa fomu ni ule ule: fomu inauliza swali moja ambapo maisha yana maswali matatu, na jibu lisiloingia kwenye kisanduku linachukuliwa kuwa ni kosa la mwandishi.

Maswali matatu yenyewe, kwa mchezo wetu, ni haya: mwili wa mhusika ukoje, watu wakimtazama wanamwona nani, na moyo wake unaelekea kwa nani. Mimi niliyabana yote matatu kwenye safu moja ya jedwali. Nilisoma shahada nzima ya sayansi ya kompyuta, na jambo la kwanza unalofundishwa kuhusu hifadhidata ni kwamba usiweke mambo matatu kwenye safu moja.

Sikuwa wa kwanza kuteleza hapa. Michezo hii ina historia ndefu ya kuteleza. Mwaka 1976, jarida la The Dragon, toleo la tatu, lilichapisha makala ya Len Lakofka ya kuwaingiza wanawake kwenye Dungeons & Dragons, na humo mhusika wa kike hakupewa sifa ya Charisma, yaani ule uwezo wa kuongoza na kusikilizwa. Alipewa Beauty, yaani urembo. Mwaka 1978 kitabu cha wachezaji cha Advanced Dungeons & Dragons kikaweka kikomo cha Nguvu kwa wanawake kilicho chini ya wanaume. Mwaka 1979 kitabu cha msimulizi kikaleta mshipi wa laana ambao ukiuvaa unabadilika jinsia, na hilo lilihesabiwa kuwa balaa kama mabalaa mengine ya hazina. Kikomo cha Nguvu kiliondolewa katika toleo la pili la 1989. Toleo la tano la 2014 linasema wazi kwamba kuwa mwanamume au mwanamke hakukupi faida wala hasara yoyote, na kwamba mhusika wako si lazima afungwe na mgawanyo wa pande mbili, unaamua mwenyewe.

Hilo la kikomo cha Nguvu halinipi kazi kubwa. Mtu akiniambia mezani kwamba zama hizo mwanamke hakuongoza, namtajia Mekatilili wa Menza aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza 1913 na 1914, tunaendelea kurusha dadu. Kinachonipa kazi ni Mvuto.

Tazameni GURPS, mchezo wa Steve Jackson. Katika toleo la nne la 2004, mhusika mwenye sura nzuri sana hapewi namba moja. Anapewa mbili. Wale wanaovutiwa na watu wa jinsia yake wanamwitikia kwa nyongeza ya 4, wengine wote kwa nyongeza ya 2. Wengine wataiona kanuni hii kavu kama leseni ya biashara. Mimi kama mwandishi wa programu niliposoma nilisimama, kwa sababu mtu aliyeiandika alielewa kitu ambacho mimi sikukielewa. Urembo unategemea nani anatazama. Kwenye msimbo wangu wa kichwani nilikuwa na mvuto(mwimbaji), ambao unarudisha namba. GURPS wana mvuto(mwimbaji, nahodha). Vigezo viwili! Na mvuto(nahodha, mwimbaji) si lazima urudishe kile kile, kila aliyewahi kupenda asipendwe anajua.

Ukishaliona hilo huwezi kulisahau. Kuvutiwa si sifa ya mtu, kwa hiyo hakukai kwenye jedwali la wahusika. Ni uhusiano kati ya wawili, kunakaa kwenye jedwali lake, na kila mstari wa jedwali hilo una wenyewe wawili. Mstari hauandikwi na mmoja peke yake.

Lakini hata GURPS haikunitosha, kwa sababu ili kanuni yake ifanye kazi ni lazima msimulizi ajue kila mhusika anavutiwa na jinsia ipi. Yaani mstari mwingine kwenye karatasi. Hapo nilisita. Karatasi zetu zinabaki juu ya meza, nyuma ya duka, watu wanaingia kununua unga wanazisoma. Watu hawatofautishi mhusika na mchezaji, hata tukiwaeleza vipi, yule kijana wa bodaboda bado kuna mzee anamwita "bibi mwimbaji." Na tuko Kenya. Kifungu cha 162 cha Sheria ya Adhabu bado kipo, kifungo hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Je, nimwombe kijana wa miaka 20 aandike kwenye karatasi, hata kwa jina la mhusika wa kubuni, moyo unaelekea wapi? Kwa ajili ya nyongeza ya 2 kwenye dadu?

Kazini nimezoea swali moja kabla ya kuongeza safu yoyote: taarifa hii tunaihitaji ya nini? Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja jinsia na mwelekeo wa kimapenzi miongoni mwa taarifa nyeti za mtu. Haikuandikwa kwa ajili ya michezo ya mezani, najua. Lakini mazoea ni yale yale. Usichokihitaji usikikusanye, maana ulichokusanya siku moja kitavuja.

Hapa kuna mtu atasema: basi ondoa Mvuto wote, mcheze vita na biashara tu. Nililifikiria. Lakini pwani gani hii isiyokuwa na mapenzi ndani yake? Jahazi linang'oa nanga kwa biashara, sawa, lakini hadithi zinazosimuliwa usiku ni za nani alimwacha nani bandarini. Tukiondoa hilo tunabaki na hesabu za nazi na mangrovu.

Kuna upande wa pili kabisa wa hoja, na nitautendea haki kwa sababu ni mzito. Mwaka 2012 Avery Alder, mtunzi wa Canada, alitoa Monsterhearts, mchezo kuhusu vijana wa shule ambao pia ni mazimwi. Humo mhusika yeyote anaweza kurusha dadu kumsisimua mhusika yeyote, na mwenye mhusika hana hiari ya kusema mhusika wake hakusisimka. Hiari yake iko kwenye atakachofanya baada ya hapo. Yaani kanuni yangu mbovu, lakini kwa makusudi! Sababu yake ina akili: kijana hachagui kinachomsisimua, mwili humshtukiza, na mchezo unataka mchezaji ashtukizwe vile vile. Nimesoma watu wanaosema kanuni hiyo iliwafungulia mlango wa kujielewa, nami sina sababu ya kuwapinga.

Tofauti yangu nayo ni ya mahali. Kanuni ile inahitaji meza ambayo watu wakiondoka wanaacha mchezo mezani. Kombani mchezo hauachwi mezani. Ninayecheza naye Jumamosi ndiye anayenibeba kwa pikipiki Jumatatu, mama yake yuko chama kimoja na mama yangu, na kicheko cha Jumamosi kinafika Ng'ombeni kabla ya magharibi. Dadu ikisema nahodha amevutika, haisemi kuhusu nahodha tu. Inamsema binti wa watu, mbele ya watu, na yeye hakuulizwa. Na pia, Alder anawaambia wachezaji mapema mchezo wake ni wa nini. Mimi sikumwambia mtu. Niliificha kanuni nzito kwenye mstari wa tano wa ukurasa wa tisa na nikaiita "Mvuto."

Basi nimeandika upya. Mstari wa Me / Ke umekwenda. Mahali pake pana swali: "Watu humwona nani?" Unajaza kwa maneno yako. Nahodha ameandikiwa: mwanamume mfupi, kilemba cheupe, sauti ya chini, hapendi kuogelea na watu. Huo ni mwonekano, na kwenye mchezo wetu mwonekano una nguvu za kweli, kwa sababu pwani ya zama zile mwonekano ulifungua na kufunga milango. Mwenye kilemba anakaa barazani na kusikia habari za bei ya pembe. Mwenye leso anapita mlango wa ndani na kusikia habari ambazo barazani hawazijui hadi wiki ijayo. Mlango haukagui mwili, unakagua kilemba. Kwa hiyo mhusika yeyote anaweza kubadilisha mwonekano wake kati ya tukio na tukio, akiwa na mavazi na muda, na anayemtilia shaka anarusha dadu ya Busara dhidi ya Akili yake. Nguvu, Wepesi na vinginevyo havijali. Kanuni hii moja imetuletea raha zaidi ya ukurasa mzima wa panga. Tayari mfanyabiashara wetu mwenye ndevu amejaribu kupita mlango wa ndani kwa leso mbili, akakwamishwa na kikohozi chake.

Siri, kama ipo, inaandikwa kwenye kikaratasi kilichokunjwa, anaijua msimulizi tu, au hata yeye asiijue. Kuandika si lazima.

Mvuto umebaki, ila umepunguzwa mamlaka. Ukifaulu kurusha, uliyemlenga anakusikiliza hadi mwisho, na huenda akakufanyia jambo moja dogo, kwa sababu unajua kuzungumza, una haiba, unajua kuchekesha. Hilo ni la ulimi na uso, dadu inaweza kulisema. Kuhusu moyo, kanuni ina sentensi moja: mwulize mwenyewe. Mwenye mhusika anajibu ndiyo, la, au bado, na haelezi kwa nini. Namba haibadilishi jibu. Jinsia haiulizwi, kwa hiyo hakuna anayelazimika kutangaza chochote, na anayetaka kucheza hadithi fulani hazuiwi na karatasi.

Nikaongeza pazia. Ron Edwards aliandika mwaka 2003 kuhusu mistari na mashela: mstari ni jambo ambalo halitaingia mchezoni kabisa, shela ni jambo linalotokea lakini halionyeshwi. Kiswahili kina neno lililokaa nyumbani kwa jambo hili. Mtu yeyote mezani akisema "pazia," tunahama, kumekucha, jahazi liko baharini. Haulizwi sababu. Ami yangu, ambaye alikuwa na wasiwasi tunafundishana nini huko nyuma ya duka lake, aliposikia neno hilo alitulia. Alisema afadhali mchezo wenye pazia kuliko televisheni isiyokuwa nalo.

Lugha nayo nitaje, kwa sababu ilinishangaza. Kitabu cha 1989 cha Dungeons & Dragons kilibidi kiweke maelezo ya kwa nini kinamwita kila mchezaji "yeye wa kiume." Toleo la 2000 likawa linabadilisha, huyu wa kiume, huyu wa kike. Kazi yote hiyo sisi hatuna. "Nahodha anapanda ngazi, anachungulia, anaona moto." Nani? Haijulikani, wala haihitajiki. Kurasa thelathini za kanuni nilizipitia nikitafuta mahali ambapo jinsia imejipenyeza kwenye sarufi, na karibu kote ni safi. Nikaanza kujivunia Kiswahili kana kwamba nilikibuni mimi.

Halafu nikafika kwenye ukurasa wa ndoa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kitenzi chenyewe kimebeba safu niliyoifuta! Kanuni yangu ilisema "anayeoa anapunguza fedha kwa kiasi cha mahari, anayeolewa anaongeza." Nahodha wetu anaangukia wapi? Kwa macho ya bandari nzima anaoa. Nimejaribu "wakioana," na inafaa kwenye sentensi nyingi, na "wakifunga ndoa" inafaa zaidi. Lakini mahari ina mtoaji na mpokeaji, hapo sarufi haikusaidii kukwepa. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya dini na mila, usiyaguse. Sijayagusa. Mchezo hausemi ndoa iweje, unasema fedha zinatoka mfuko gani kwenda upi, na hata hilo limenishinda.

Dada alirudi Jumamosi iliyopita. Nilimwomba radhi mbele ya wote, maana kosa lilifanyika mbele ya wote, na kijana wa utani naye akasema lake, kwa kifupi, akitazama chini. Nikamrudishia karatasi mpya. Alijaza pole pole, akakunja kikaratasi, akakitia kwenye kifuniko cha simu yake badala ya kunipa. Ni haki yake.

Tukaanza tulipoachia. Mwimbaji wa Vanga alipanda jahazi kwa kulipa, akalalamikia bei hadi Wasini. Usiku, karibu na Pemba, upepo umekatika, alimwimbia nahodha kitu kidogo kuhusu watu wanaovaa vilemba vikubwa kuliko vichwa vyao. Kijana wa bodaboda akarusha dadu, akapata 4. Nahodha akacheka hata hivyo. Kijana akaiweka dadu kando, akamgeukia dada, akauliza kama kanuni inavyosema.

"Bado," dada akasema, na akaagiza tanga lishushwe.

Sasa wanakwenda Zanzibar, ambako kuna tajiri mmoja ana binti na anamtaka nahodha kwa mkwe. Mimi ndiye niliyemweka tajiri huyo huko, miezi sita iliyopita, kabla ya haya yote. Ukurasa wa mahari uko mbele yangu kwa penseli, na Jumamosi ni keshokutwa. Mwenye wazo la kanuni hiyo aniletee, ila asiniletee yenye Me na Ke.